Kiswichi Chekundu cha Mzee Timazi

Palikuwa na fundi mwashi aliyependa vitu vilivyonyooka. Ukuta ukipinda kidogo tu, kiasi ambacho wewe na mimi tusingekiona, yeye alikosa raha. Ndiyo maana watu walimwita Mzee Timazi. Timazi ni ile kamba yenye kitu kizito mwishoni, ambayo waashi huitumia kupima kama ukuta umesimama wima. Hata nyumbani hakupumzika. Alinyoosha mapazia, alinyoosha viatu mlangoni, alinyoosha vijiko ndani ya droo. Mkewe alizoea kusema kwamba siku moja atamnyoosha paka mkia.

Mkewe alikuwa mwalimu wa ushonaji. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo, nusu kwa utani, nusu kwa heshima. Kwa miaka miwili Mwalimu alikuwa akiandika kitabu cha kufundishia. Kupima mabega, kukata kola, kutia zipu, yote yalikuwa mle. Alikiandika kwenye kompyuta iliyokuwa kwenye meza ya pembeni sebuleni. Ijumaa alitakiwa kukipeleka chuoni kikachapwe, maana darasa jipya lilianza Jumatatu. Hakuwa na nakala nyingine popote.

Jumatano asubuhi Mwalimu alikwenda kununua uzi. Mzee Timazi akaona vumbi nyuma ya kompyuta. Alizima swichi ya ukutani na kuchomoa waya, maana hakuwa mjinga. Akaligeuza lile boksi la kompyuta, akafuta kwa kitambaa kikavu. Karibu na pale waya wa umeme unapoingia palikuwa na kiswichi chekundu. Kilikuwa kimesukumwa upande mmoja, na upande wa pili ulijaa vumbi. Akakisukuma kwa ncha ya ufunguo ili afute vizuri. Namba iliyoandikwa pale ikabadilika, lakini yeye alikuwa anatazama vumbi. Alipomaliza, akalirudisha boksi likiwa sambamba na ukingo wa meza, akachomeka waya, akaenda uani kunywa chai.

Mwalimu alirudi na uzi wake. Akawasha swichi ya ukutani. Hata hajagusa kitufe cha kompyuta, kikasikika kishindo, pa. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya boksi, na chumba kikanuka plastiki iliyoungua.

Mumewe alipoingia mbio, alimkuta ameshazima, mkono bado uko ukutani.

"Nimeiua," alisema Mwalimu. "Mume wangu, nimeiua kwa mkono wangu."

Mzee Timazi alikikumbuka kile kiswichi. Akasema pole, basi.

Mchana Mwalimu hakula. Alichukua daftari na kalamu, akaandika juu ya ukurasa: Sura ya Kwanza. Alikuwa anajaribu kukumbuka miaka miwili kwa siku mbili. Machozi yalidondoka kwenye karatasi, naye aliyafuta kwa kiwiko na kuendelea. Mzee Timazi alishindwa kutazama. Akavaa viatu, akaenda kumwita jirani.

Jirani huyo alitengeneza redio na kompyuta. Watu walimwita Mama Bisibisi, kwa kuwa bisibisi yake haikukaa mfukoni. Aliichomeka kwenye kilemba. Yeye na Mwalimu walipendana kama ndugu, kwa hiyo Mzee Timazi alikuwa shemeji yake.

Mama Bisibisi hakukimbilia kufungua kitu. Kwanza aliuliza walisikia nini na waliona nini. Kisha akachomeka taa ya mezani kwenye ile soketi. Taa ikawaka.

"Soketi ni nzima," alisema.

Akaupima waya kwa kipima umeme chake. Nao ulikuwa mzima. Ndipo akainama nyuma ya boksi, akanusa, akawasha tochi.

"Nani amegusa hapa?"

"Hakuna mtu," alisema Mwalimu.

Mama Bisibisi akaeleza. Ndani ya boksi mna kifaa kinachoitwa pawa saplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, kuupunguza, na kuigawia kompyuta nzima. Kiswichi chekundu huiambia pawa saplai umeme unaoingia ni wa volti ngapi. "Umeme wetu ni volti mia mbili thelathini. Hapa pamewekwa mia moja na kumi na tano, umeme wa nchi nyingine. Imelishwa mara mbili ya uwezo wake. Imepasuka."

"Basi ni mimi," alisema Mwalimu polepole. "Labda nilikigusa nikifagia."

Hapo Mzee Timazi hakuweza tena. Kumwona mkewe anajibebesha kosa mara moja kulimuuma. Kumwona analibeba mara ya pili kulimshinda.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Nilikuwa nafuta vumbi. Nilikisukuma, sikukirudisha. Nikaogopa kukwambia."

Mwalimu alimgeukia.

"Tangu asubuhi unaniona nalia?"

"Nakuona."

"La kiswichi nimekusamehe," alisema Mwalimu. "La kunyamaza, utanisubiri."

Mama Bisibisi alijifanya anatafuta kitu mkobani. Kisha akasema kwamba kitabu hakikai ndani ya pawa saplai. Kinakaa kwenye diski, na mara nyingi diski hunusurika. Hakuahidi. Alichomoa nyaya zote, akafungua boksi, akatoa skrubu nne, akaitoa pawa saplai. Akaionyesha: kiboksi cha chuma chenye feni na nyaya nyingi. Mzee Timazi akanyoosha mkono achungulie ndani, akapigwa kikofi cha vidole.

"Hiki hakifunguliwi, shemeji. Hata kikiwa kimechomolewa, ndani hubaki umeme wa kumuua mtu. Nyinyi waashi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ufa usiuzibe, nunua ukuta mpya."

Akamwandikia kwenye karatasi wati za ile ya zamani, yaani kiasi cha umeme inachoweza kugawa. Wati za mpya zikizidi, si neno, ila zisipungue. Umbo, matundu ya skrubu na vichwa vya nyaya vilingane. Njia rahisi ni kwenda na ya zamani dukani.

Alhamisi asubuhi Mzee Timazi alikwenda nayo kwapani. Aliilinganisha na ile mpya tundu kwa tundu, mpaka muuza vipuri akamwomba apumzike. Nyumbani, Mama Bisibisi akaifunga ile mpya ndani ya boksi. Hiyo nayo ilikuwa na kiswichi chekundu. Kabla ya kuchomeka waya, aliwaita wote wawili wasome namba kwa sauti. Wakasoma: mia mbili thelathini.

Mwalimu akawasha. Feni ikaanza kuvuma. Skrini ikawaka. Alifungua kitabu, akashuka mpaka sentensi ya mwisho kabisa, ile ya kutia zipu, akaiwekea mkono kama mtu anayepapasa shavu la mtoto. Mumewe ndiye aliyelia.

Siku hiyo hiyo walitoa nakala mbili kwenye flashi. Moja ilikaa kabatini, nyingine kwa Mama Bisibisi. Ijumaa kitabu kilifika chuoni.

Jumamosi Mzee Timazi alichukua kitambaa chake. Alizima, akachomoa, akaligeuza boksi. Juu ya kile kiswichi palikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi, mwandiko wa mkewe: *Bwana Timazi, hapa pameshanyooka.*

Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Lakini kikaratasi kilibandikwa kimepinda, tena sana, na alijua Mwalimu alifanya makusudi. Vidole vilimwasha. Akafuta vumbi pembeni yake, akakiacha vile vile.