Kiti cha Mchelewaji

Jepchumba alikuwa amenyoosha mkono kumpa mgeni kikombe cha chai, akauliza kama anatumia sukari, na hapo ndipo alipoona kwamba kiti hakina mtu.

"Ameenda wapi?" aliuliza.

Wenzake watatu waliinua vichwa kutoka kwenye karatasi zao. Walikuwa wamechora kwa zaidi ya saa nzima bila kusemezana. Kiti kilikuwa pale pale katikati ya banda, na mlango wa chuma ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani.

Banda hilo liko Granville, nyuma ya gereji ya kunyoosha mabodi ya magari, na Jumamosi mchana lilikuwa la Klabu ya Mkaa, wachoraji wa picha kwa mkaa. Usidhani ni klabu ya watu wakubwa. Wanachama wa kudumu walikuwa wanne tu: Kinuthia, Mkenya wa ofisini aliyependa sana kuitwa mwenyekiti, Jepchumba, nesi wa hospitali ya Westmead, Mirindi, Mkongomani wa Bukavu aliyepanga maboksi kwenye ghala kule St Marys, na mkewe Fébronie. Lakini msiba wa Mwafrika upande huu wa Sydney haukukamilika bila wao, maana wao ndio waliochora picha ya marehemu ya kuwekwa kando ya jeneza. Walifundisha watoto wa kanisani kushika brashi. Mwisho wa mwaka walitundika kazi zao ukumbini, wakapika sombe na chapati, wakagombana nani kachora nini vibaya, wakacheka hadi machozi.

Walikuwa na desturi yao. Anayechelewa ndiye anayekaa kwenye kiti achorwe. Kwa hiyo mlango ukigongwa hakuna aliyejisumbua kugeuka. Wote waliitikia kwa pamoja, "Karibu, kaa," huku wakichonga mkaa wao. Siku hiyo mlango uligongwa, wakaitikia, wakasikia hatua, wakasikia kiti kikilia kwa uzito wa mtu, wakaanza kuchora. Hakuna aliyekumbuka kwamba wote walikuwa wameshafika.

"Ametoka tu kuvuta fegi," Kinuthia alisema. "Relax, watu wangu."

"Na komeo je?" Jepchumba aliuliza kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti alisogea katikati ya banda. Aliweka kiganja juu ya kiti, akakitoa haraka. Kiti kilikuwa na joto na unyevu, na kiganja chake kilinuka nywele zilizoungua.

Wakalaza picha sakafuni. Mikono mitatu tofauti ilikuwa imechora mtu mmoja: mwembamba, koti limefungwa vifungo hadi shingoni, mdomo wazi kidogo kama wa mtu anayesubiri kulishwa. Hakuna aliyeweza kusema alimwona lini. Picha ya Fébronie peke yake haikuwa na uso. Hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu Fébronie hakuwahi kuchora uso wa mtu yeyote. Alichora koti, mikono, hata kucha, kisha pale juu akaacha karatasi nyeupe. Walimtania kwa hilo miaka yote na yeye alicheka nao bila kuwaambia sababu.

Jumamosi iliyofuata Kinuthia aliamua kwamba ujinga huo uishe. Ni mtu wa kujifanya hana woga, na watu wa namna hiyo ndio hutangulia kuumia. Alichukua picha yake akaichana katikati.

Kidole chake kidogo kikainuka chenyewe. Kikaenda nyuma taratibu, kikaendelea, mpaka kikalia kama kuni kavu. Kinuthia alikitazama tu kwanza, mdomo wazi. Kisha kikaanza cha pili, na hapo akapiga yowe, akaanguka magotini, na Jepchumba akamrukia akaukumbatia ule mkono kwa nguvu zake zote ili vidole visiende, na chini ya kiganja chake akahisi kiganja kingine, kikubwa, chenye unyevu, kinachofanya kazi yake bila haraka, mpaka vidole vyote vya mkono wa kulia vikawa vimelala upande usio wao.

Hospitalini Kinuthia alisema ni mlango wa gari. Hakurudi tena klabu.

Mirindi ndiye aliyekuwa fundi kuliko wote, na ndiye aliyekaa muda mrefu zaidi kwenye uso ule, akiutia kivuli, akiupenda kama fundi anavyopenda kazi yake. Wiki hiyo hiyo, mchana, nyumbani kwao, alitoka bafuni, akachukua kiti cha jikoni, akakiweka katikati ya sebule, akakaa, mikono juu ya magoti.

"Chéri, kuya tukule," Fébronie alimwita.

"Mlinikaribisha wanne," sauti ilisema kwa kinywa cha Mirindi. Kilikuwa Kiswahili kilichonyooka, si cha Bukavu hata kidogo. "Watatu wamenichora. Wewe umeniacha bila uso. Nimalize."

Fébronie alishika ukuta. "Mimi siwezi. Sijue kuchora sura."

Mkono wa Mirindi ulipanda kinywani. Meno yakashika ncha ya kidole cha shahada, yakakata kama mtu anayekata muwa, yakatafuna. Damu ilishuka hadi kwenye kiwiko. Na macho, yale yalikuwa macho ya Mirindi mwenyewe, yalimtazama mkewe huku yakitiririka machozi.

"Kila ukikataa, nitakula," ile sauti ilisema.

Fébronie aliita ambulansi. Walipofika, Mirindi alikuwa mpole, akawaeleza kwa Kiingereza kizuri kwamba kisu kiliteleza. Wakamshona, wakamrudisha. Mlango ulipofungwa, alivua bandeji kwa meno, na Fébronie akakataa tena, na kidole cha pili kikaenda hadi kwenye kiungo. Alijaribu kumshika mikono. Alipigwa kofi lililomrusha juu ya meza, akanyanyuliwa kwa nywele, akapigwa tena, na mtu aliyempiga alikuwa akilia. Mikono ile ndiyo iliyomchora Fébronie kwenye kambi ya wakimbizi walipokutana, hana kitu, hana mtu. Hakuwa na mwingine duniani ila huyo.

Alijifungia chooni akampigia Jepchumba, akamweleza yote.

"Sikia, dada," Jepchumba alinong'ona. "Mimi ni nesi, nakuambia ukweli. Hospitalini watamdunga sindano alale, na hicho kitu kitaendelea kumla akiwa amelala. Muite Mama Anésie. Muite saa hii."

Mama Anésie alikuwa mama wa maombi wa kanisa moja la Wakongomani kule St Marys, mfagiaji wa maofisi, mwenye goti bovu na sauti ya kuamrisha. Alikuja kwa treni Jumamosi mchana na chupa ya mafuta ndani ya mkoba. Jua la baridi lilikuwa limejaa sebuleni. Mirindi alikaa kwenye kiti chake, midomo imekauka damu, na harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito kiasi kwamba mama yule alisimama mlangoni akafunika pua kwa kitenge.

"Iko ndani kabisa," alisema polepole.

Akaanza kuomba. Akapaka mafuta mlango na madirisha, akaweka mkono kichwani pa Mirindi, akaamuru kwa jina la Yesu, na mara ya kwanza hakuna kilichotokea, na mara ya pili glasi kabatini zikaanza kulia zenyewe kidogo kidogo, na mara ya tatu Mirindi akainuka na kiti kikainuka naye kimeshikamana na mwili wake, akamshika mama wa watu kooni, akamtupa kwenye friji hadi mlango wake ukaingia ndani, akamfuata, akamkanyaga lile goti bovu, na Fébronie aliyekuwa akimvuta shati kwa nyuma akasikia mfupa ukivunjika na Mama Anésie akiomba bado, akiomba kupitia meno, mpaka kitu kile kikarudi mahali pake, kikakaa, kikaweka mikono juu ya magoti kama mgeni mwenye adabu.

Fébronie alitambaa hadi pale chini.

"Nisikilize," Mama Anésie alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Huyu mulimukaribisha. Mwenye mulikaribisha hamuwezi kumufukuza na makelele. Anataka sura. Umupatie."

"Nikimupatia ataacha bwana yangu?"

"Ataacha. Ataenda kwa mwenye ile sura, atafanya mule nyumba yake. Basi usichore muntu mwenye anaishi. Unanisikia? Chora marehemu. Marehemu hana mwili wa kuingia. Atazunguka, atakosa mlango, atapotea."

Nyuma yao meno yalikuwa yameanza tena. Yalikuwa kwenye kidole gumba. Mtu asiye na kidole gumba hashiki mkaa, na kitu kile kilijua.

Fébronie aliileta ile picha yake isiyo na uso kutoka kabatini, akapiga magoti mbele ya kiti, akashika mkaa. Na hapa ndipo nikuambie jambo ambalo hakumwambia hata mumewe. Si kwamba hakujua kuchora uso. Kila uso aliouanza uligeuka kuwa wa Lazare, mdogo wake. Walipokimbia Uvira risasi ziliwatenganisha, Lazare akabaki nyuma, na majirani waliokuja baadaye wakasema walimwona shimoni pamoja na wengine waliouawa. Walimkalia matanga kambini bila maiti, kwa sala na uji, kama walivyokaliwa wengi. Tangu hapo mkono wa Fébronie ulimrudia Lazare tu, na Fébronie akaacha nyuso kabisa ili apate kuishi.

Sasa aliuachia mkono uende. Paji pana la uso, sikio la kushoto lililojikunja, pengo la meno ya juu. Alilia alipomwona tena. Ulikuwa uso mzuri kuliko wowote uliowahi kuchorwa katika Klabu ya Mkaa, na Fébronie aliumaliza kwa kope, mmoja mmoja.

Kiti kiliacha kulia. Harufu ilikatika ghafla, kama moshi unapofunguliwa dirisha. Mirindi alitazama mikono yake, akaanza kupiga kelele za maumivu, na zilikuwa kelele zake mwenyewe, za Bukavu, za mumewe. Fébronie alimkumbatia akacheka kwa furaha huku damu ikimlowesha gauni.

Vidonda vilipona. Mama Anésie alirudi kanisani na magongo. Kinuthia alianza kutuma salamu. Mirindi alikuwa amebaki na kidole gumba na viwili vingine mkono wa kulia, akaanza kujifunza kwa kushoto, na klabu ikafunguliwa tena kwa watoto. Fébronie alirudi kulala usiku kucha kama watu wote.

Simu ilipigwa Jumapili, baada ya ibada. Namba ilikuwa ya Zambia.

"Ni weye Fébronie wa Uvira?" Mwanamke alikuwa akihema. "Mimi ni muke wa Lazare. Ndugu yako."

Fébronie alikaa chini.

"Alikutafuta miaka yote. Pasteur mumoja ndiye alimupatia numéro yako. Akasema, nitamupigia dimanche, siku ya ibada, nikishapata crédit ya simu. Basi ile Jumamosi asubuhi alikuwa ananyoa ndevu. Akaacha. Akatutazama sisi wote kama watu wenye hajue. Akachukua shoka, dada. Alianza na mutoto mukubwa. Mimi nilikimbia na huyu mudogo tu." Mwanamke akajikaza. "Tangu siku ile wamemufunga kwenye nguzo. Anakula mikono yake. Anaongea Kiswahili chenye sisi hatujue, anasema dada yake alimupatia uso. Leo wazee wanataka kumumaliza na mawe. Kama unajua dawa, uniambie. Nakuomba."

Dawa Fébronie aliijua. Alijua pia kwamba uso mwingine ungehitaji mwenyewe wa kuingiwa, na kwamba safari hii hapakuwa na marehemu ambaye angeweza kuamini kwamba amekufa kweli.

Huko mbali simu ilisogezwa karibu na mtu. Pumzi ilisikika, kisha sauti iliyokatika, ya Uvira kabisa, ya mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni, aliyemwita yaya, dada mkubwa.

"Yaya Fébro. Ni mimi. Unifungulie."

Mezani, Mirindi aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake ya mkono wa kushoto. Alikuwa akimchora Fébronie.

"Ni nani, chéri?"

Fébronie alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Lakini alimtazama mumewe, akatazama ile mikono.

"Wrong number," alisema, akazima simu, akaenda kumshikia karatasi isiteleze.