Muhula wa Muzee Habarurema

Wino ulikuwa bado mbichi. Hicho ndicho kilichomshtua Kahambu asubuhi ya pili ya mafunzo ya viongozi wa makumbusho, pale Keshero. Kwenye karatasi ya mahudhurio, mbele ya jina la Muzee Habarurema, prezida wa makumbusho yao madogo ya Kiwanja, sahihi ilikuwa imeshatiwa, mkia wake ukitetemeka vile vile alivyoandika muzee siku zote.

Muzee alikuwa amezikwa wiki mbili zilizopita.

Tusifichane: jana yake Kahambu, sekretere wake, ndiye aliyemtilia sahihi. Kila makumbusho yalitakiwa kuleta prezida na sekretere. Yakikosa mmoja yanafungwa, na ngoma zake zinahamishiwa mjini. Muzee alizikusanya ngoma zile maisha yake yote. Kahambu alizipenda, basi akadanganya. Njia ya mwongo ni fupi, najua, lakini wewe ungefanyaje?

Leo hakugusa kalamu. Aliketi tu, na kiti kitupu cha pembeni yake kikalia kwa uzito. Ikaja harufu ya tumbako ya kiko, na chini yake harufu ya udongo uliochimbwa karibuni.

Mwalimu, papa Donat, alikuwa akieleza mihula ya viongozi. Akageukia kiti kile, akatabasamu.

"Muzee, ulizo lako ni zuri. Kama hamuyachagua mwengine, prezida wa zamani anabaki, mpaka mwengine apate zaidi ya nusu ya kura. Sheria njo inasema vile."

Kahambu hakuwa amesikia ulizo lolote.

Wakati wa chai alimvuta Donat kando. "Papa, ule muzee alikufa. Mimi njo nilimusinyia kwenye karatasi."

Donat aliutazama mkono wake mwenyewe wa kuume. "Amenisalimia na huu," akanong'ona. "Rudia Kiwanja, mama. Muchague mwengine mbio."

Jumapili baada ya misa, wanakomite watano wa makumbusho waliobaki, Kahambu akiwamo, walikaa katikati ya ngoma, mlango wazi, jua kali nje. Wagombea walikuwa wawili, Kahambu na Luc, mwalimu wa hesabu. Kila mmoja akaandika jina, akakunja karatasi, akaitia kapuni, na Kahambu akazihesabu kwa macho zikiingia, moja, mbili, mpaka tano, huku tumbako ikianza kunuka kutoka sakafuni, ikipanda magotini, kifuani, puani, na hakuna aliyethubutu kumwuliza jirani yake kama naye anaisikia.

Luc alizifungua. Kahambu, tatu. Luc, mbili. Kahambu akashusha pumzi. Alitaka kulia kwa furaha.

Mkono wa Luc ulikuwa bado kapuni. Ulitoka na karatasi nyingine, wino mbichi, mkia unatetemeka: Habarurema.

"Tatu kwa tano ingetosha," Luc alisema polepole. "Tatu kwa sita ni nusu tu."

Nyuma yao, ngoma kubwa ambayo muzee alizoea kuipiga kufunga mikutano ikalia mara moja.