Idwal na Vidonge vya Asubuhi

Idwal Prydderch alikuwa mfugaji wa kondoo katika bonde moja la Wales. Alikuwa na miaka sitini na sita. Watu wa bonde lile walimjua kwa jambo moja: mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo. Alikuwa ameshinda mara nne. Alisimama mbali uwanjani, akapiga mluzi, na mbwa wake Nel akawaswaga kondoo kana kwamba anasoma mawazo ya bwana wake.

Asubuhi moja ya Oktoba, alipokuwa akinywa chai, kikombe kilimponyoka. Mdomo wake ulilegea upande wa kulia. Mkono wa kulia ukawa mzito. Alijaribu kumwita mkewe, Eluned, lakini maneno yalitoka yamevurugika.

Eluned hakungoja hata dakika. Alipiga simu ya dharura, na gari la wagonjwa likafika upesi.

"Ni kiharusi," daktari alisema hospitalini. "Ana bahati umewahi kupiga simu. Presha yake iko juu sana. Huenda imekuwa hivyo kwa miaka mingi bila yeye kujua."

Idwal alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Alipewa dawa za kumeza kila siku, na miongoni mwake vidonge vya presha vya aina mbili. Alitembea polepole. Ulimi ulikuwa mzito. Lakini kilichomuuma zaidi ni mluzi. Midomo haikushikana sawasawa. Akipuliza, inatoka pumzi tupu. Nel alisimama mbele yake, masikio wima, akingoja amri isiyokuja.

Majira ya baridi yalipokuwa yakiisha, Idwal alianza kupata nguvu. Mkono uliweza kufungua lango. Maneno yalinyooka. Hata hivyo, vifundo vya miguu vilimvimba, na akisimama ghafla aliona kizunguzungu.

"Vidonge hivi ndivyo vinavyoniyumbisha," alijiambia. "Na mimi nimeshapona. Vya nini tena?"

Hakumwambia mtu. Vidonge vya presha akaacha kuvimeza. Kila asubuhi alivichukua mbele ya mkewe, akainua glasi ya maji, kisha akavitia mfukoni mwa koti lake la kazi. Baada ya wiki moja, uvimbe ulipungua. Idwal akajiona mjanja.

Siku moja ya Machi, jirani yao Mererid alikuja kununua mayai. Mererid alikuwa muuguzi katika zahanati ya kijiji.

"Idwal, umenawiri!" alisema. "Hebu nikupime presha. Kipimo kiko garini."

"Ya nini, dada? Mimi mzima kama farasi."

"Hata farasi anapimwa. Kaa."

Alimkalisha kitini, miguu chini, mkono juu ya meza. Alimwambia atulie dakika tano bila kuongea. Kisha akapima. Akapima tena. Uso wake ukabadilika.

"Mia moja themanini na sita, kwa mia moja na nne. Idwal, kichwa kinauma? Macho yanaona vizuri? Mkono umelegea zaidi?"

"Hapana. Sisikii chochote."

"Vidonge unameza?"

"Nameza."

Eluned aliinuka akatoka. Alirudi na koti la kazi. Akaligeuza juu ya meza, na vidonge vikamwagika, vingine vimeshikamana na sufu ya kondoo.

"Asubuhi hii nilitaka kulifua, nikavikuta mfukoni," alisema. "Idwal, mimi ndiye niliyekuona umelegea mdomo pale. Mimi. Unataka nikuone tena hivyo?"

Idwal aliinamisha kichwa. Miaka arobaini ya ndoa, na hajawahi kuona aibu kama ile.

"Vilinivimbisha miguu," alisema taratibu. "Nikapata kizunguzungu. Halafu nikajisikia vizuri, nikadhani nimepona."

Mererid alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Sikiliza, Idwal. Presha haina sauti. Inaweza kupanda hivi na wewe unajisikia mzima kabisa. Dawa haiponyi presha moja kwa moja. Inaishusha, na inaishikilia huko chini mradi unaimeza. Ukiacha, inapanda tena. Na mtu aliyewahi kupata kiharusi yuko hatarini kupata kingine."

"Na miguu yangu?"

"Hilo ulipaswa kumwambia daktari! Dawa za presha ziko za aina nyingi. Moja ikikusumbua, daktari anakubadilishia. Lakini anabadilisha yeye, si wewe."

"Basi leo nimeze vingi, nifidie?"

"Thubutu! Usifidie kamwe. Utaishusha presha kwa kishindo. Nampigia daktari sasa hivi."

Daktari alimwona alasiri ile ile. Alimbadilishia kidonge kilichovimbisha miguu, akapunguza dozi ya kile kingine kilichomletea kizunguzungu, na kumtaka ainuke polepole akitoka kitandani. Eluned alinunua kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Idwal alimeza dawa zake kila asubuhi baada ya kumlisha Nel, kwa kuwa Nel hakukubali asahauliwe. Eluned alipunguza chumvi katika supu ya kondoo.

"Supu hii imekosa adabu," Idwal alilalamika.

"Wewe ndiye uliyekosa adabu. Kula."

Mererid alipita kila wiki na kipimo. Mia moja sitini. Mia moja arobaini na nane. Mwezi wa Juni, mia moja ishirini na sita kwa sabini na nane. Eluned alipiga makofi jikoni.

Wakati huo mtaalamu wa matamshi alimfundisha Idwal mazoezi ya midomo. Alipuliza kila siku malishoni. Siku moja ya Julai mluzi ulitoka! Haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa mzito na umepinda kidogo. Nel aliinamisha kichwa, akasikiliza, akajifunza upya.

Agosti, siku ya mashindano, Idwal alisimama uwanjani. Alipuliza. Nel alichomoka kama mshale, akawazunguka kondoo watano, akawaleta. Kondoo mmoja alijaribu kutoroka. Mluzi ukalia tena, na Nel akamrudisha. Idwal akafunga lango la zizi kwa mkono wake wa kulia. Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe.

Alipokabidhiwa kombe, Idwal aliomba kipaza sauti. Kwa miezi mingi alikuwa ameona haya kuongea mbele za watu.

"Mimi niliacha dawa," alisema taratibu, neno kwa neno, "kwa sababu nilijisikia vizuri. Nilikuwa mjinga. Leo niko hapa kwa sababu nilirudia kuzimeza. Nendeni mkapimwe."

Watu walicheka na kushangilia. Wazee kadhaa walitazama viatu vyao.

Jumatatu iliyofuata, Mererid alipofungua zahanati, alikuta wanaume tisa wamejipanga mlangoni. Kila mmoja alidai ametumwa na mkewe.