Salamu Aliyoirekodi Steinvör

Steinvör alitoka nyumbani alasiri kwenda kubadilisha laini ya simu. Safari ya kawaida kabisa, kutoka shambani hadi kituo cha mafuta kijijini, mbwa akiwa kiti cha nyuma. Ilikuwa Novemba, na jua la Novemba kule kaskazini mwa Iceland si la kulitegemea. Kabla hajaegesha gari, giza lilikuwa limeanza kushuka mlimani.

Kampuni yake ya zamani ya simu ilikuwa inang'oa mnara pale bondeni. Majirani wote walishahama. Amebaki yeye peke yake, na hakubaki kwa ukaidi.

"Namba yako itabaki ileile, mama," alisema Jórunn, dada wa kaunta, akichomoa laini ya zamani kwa pini. "Usiwe na wasiwasi."

"Na ujumbe wangu wa sauti?"

"Utakuja wenyewe. Tena huku ni raha, unauona wote kwenye kioo, umepangwa. Jina la aliyepiga, na muda aliozungumza. Unagusa unayemtaka, unamsikiliza."

Alisema hayo huku akimkamulia mteja mwingine haradali kwenye soseji. Hakuwa na nia mbaya. Lakini hakujua alisemalo, na mtu asiyejua angenyamaza tu, ingekuwa heri.

Maana Steinvör alikuwa na ujumbe mmoja tu wa maana duniani. Wa mwanawe, Hallur. Majira ya baridi ya miaka mitatu nyuma, gari la Hallur lilikwama kwenye theluji kule juu kwenye njia ya mlimani, akaamua kutembea. Akapiga simu. Mama yake alikuwa zizini na kondoo, hakuisikia. Sanduku la sauti likampokea badala yake.

"Mama, ni mimi. Natembea. Nakuja... acha taa."

Kikohozi kidogo, upepo, basi. Sekunde kumi na moja. Walimtafuta kwa mbwa na helikopta, hawakupata hata kofia. Hana kaburi. Mahali pekee alipokuwapo Hallur ni mle sandukuni, na kila jioni mama yake alimsikiliza, kisha akaacha taa ya barazani ikiwaka mpaka asubuhi.

Alipofika nyumbani hakuvua hata koti. Alifungua simu palepale jikoni, akagusa alama ya sanduku.

Ukurasa mweupe. *Sanduku la sauti halipatikani.*

Akazima simu, akawasha. Ukurasa mweupe.

Akapiga huduma kwa wateja ya kampuni mpya. Akapokea kijana mmoja mpole.

"Mama, ujumbe hauhami pamoja na namba. Unabaki kwenye mitambo ya kampuni ya zamani. Namba ikiondoka, wao wanafuta."

"Wanafuta lini?"

"Kwa kawaida... papo hapo. Pole sana."

Akapiga kampuni ya zamani. Mwanamke wa huko akasema namba hiyo si yao tena, haoni kitu.

"Angalia tena, nakuomba," Steinvör akasema. "Mwanangu yumo humo."

"Yuko wapi, mama?"

"Humo. Sandukuni."

Yule mwanamke akamwambia ampigie simu daktari wake, akakata.

Steinvör akamrudia yule kijana mpole. Hakuona aibu. Alimwambia yote, kuanzia gari lililokwama hadi kile kikohozi. Kijana akashusha pumzi.

"Siahidi kitu. Lakini tulifungue hilo sanduku kwanza, tuone. Simu usizopokea bado zinaelekezwa kwa kampuni ya zamani, ndiyo maana limegoma. Futa ile namba yao, weka hii ninayokutajia."

Akafuta. Akaweka.

"Sasa litakutaka urekodi salamu, ile anayoisikia mtu usipopokea. Bila salamu halifunguki. Sema chochote, kisha utagusa *hifadhi*."

Kijana akaaga. Steinvör akabaki na simu mkononi, alama nyekundu ikimsubiri azungumze.

Hapa ndipo alipokosea, na mtu wa mjini asingeuona hata ubaya wake. Marehemu mama yake alimfunza tangu mdogo, kama watoto wote wa lile bonde walivyofunzwa. Giza likishaingia, mgeni mwema hugonga mara tatu, kisha husema dirishani, "Mungu awe humu." Ndipo unamkaribisha. Anayegonga mara moja, akanyamaza, huyo usimjibu. Na neno la kukaribisha lisitoke kinywani mwako kabla mgeni hajalitaja jina la Mungu, maana wako wasioweza kulitaja.

Steinvör alilijua hilo. Lakini alikuwa amechoka, ametumbukia kwenye majonzi hadi shingoni, akaisogeza simu mdomoni.

"Hallur, mwanangu," akanong'ona. "Kama ni wewe... ingia. Taa inawaka. Mlango uko wazi."

Akagusa *hifadhi*.

Sanduku likafunguka. Tupu. Alilia kwa sauti pale mezani, mpaka mbwa akaja kumlazia kichwa gotini.

Kondoo hawajui msiba. Akainuka, akaenda zizini kuwatupia nyasi, simu akaiacha jikoni. Aliporudi, kioo kilikuwa kinawaka.

Mstari mmoja kwenye orodha. *Hallur. Sekunde 11.*

Umerudi, akawaza. Umerudi, umerudi. Akaugusa kwa kidole kilichojaa mabua.

Upepo... Nyayo kwenye theluji. Kwach... kwach... kwach. Mtu anatembea polepole. Hakuna neno, hakuna kikohozi.

Huu haukuwa ule ujumbe.

Kabla hajaelewa, mstari wa pili ukajipanga juu ya ule wa kwanza. Simu haikulia. Akausikiliza. Nyayo zilezile, lakini sasa juu ya mbao. Moja ya mbao ikalia *ngwee*. Steinvör aliijua ile mbao. Ilikuwa ya daraja lake mwenyewe, pale mtoni, na tangu kiangazi alikuwa anamsumbua kaka yake aje kuipigilia.

Simu ikalia. Ni huyohuyo kaka yake, Ketill, wa ng'ambo ya ghuba.

"Dada," akasema, na hakusalimia. "Nilikupigia muda si mrefu, hukupokea. Umerekodi maneno gani kwenye simu yako?"

"Ni sanduku jipya. Lilitaka salamu."

"Umemkaribisha."

"Ni mwanangu, Ketill."

"Alikuwa mwanao. Sasa yeyote atakayepiga, simu inamwambia ingia kabla hajataja jina la Mungu. Mama angekuwa hai angekuchapa." Sauti yake ikashuka. "Nilisikia mtu akikohoa, dada. Ulipomaliza kusema mlango uko wazi, mtu akakohoa. Nilidhani ni wewe."

Steinvör akageuka kuutazama mlango.

"Futa hiyo salamu. Funga mlango kwa komeo, uzime taa ya nje. Njia ya huku imefungwa kwa theluji, ila asubuhi na mapema ntakuwa hapo. Unanisikia? Zima t..."

Ikakatika. Hakuna mtandao. Akajaribu kufuta salamu. *Haiwezekani kwa sasa.* Akajaribu tena, vidole vikiteleza. *Haiwezekani kwa sasa.*

Na bila mtandao, mstari wa tatu ukaingia.

Huu hakuugusa. Hakuwa na haja. Lango la nje lilikuwa linalia lenyewe, bawaba zile zenye kutu, na mbwa alikuwa ameshaingia chini ya meza, mkojo ukimtoka. Steinvör akakimbia kusukuma komeo.

Kwach... kwach...

Harufu ikapenya chini ya mlango. Sufu iliyolowa. Sweta la Hallur, alilofumiwa na mama yake mwenyewe kwa sufu ya kondoo wao, likikaushwa karibu na jiko. Harufu hiyo ungeiweka kati ya nguo elfu, angeitambua.

Mstari wa nne. *Sekunde 1.*

Mlango ukagongwa.

Mara moja.

Steinvör akangoja. Aliomba kwa moyo wote, gonga tena, mwanangu, gonga tena mara mbili. Hakuna. Akaweka paji la uso kwenye ubao wa mlango. Ubao ulikuwa wa baridi, unauma.

"Hallur," akanong'ona. "Sema Mungu awe humu."

Maji tu yanadondoka, tone kwa tone.

"Sema tu, baba. Ukisema, nafungua. Wallahi nafungua."

Upande wa pili, usawa wa uso wake, kitu kikavuta pumzi ndefu, kama mtu anayetafuta neno na halimjii. Kikaachia pumzi. Kikavuta tena.

Mkono wa kulia wa Steinvör ulikuwa kwenye komeo. Wa kushoto ulikuwa kwenye swichi ya taa ya barazani, taa ambayo kwa miaka mitatu haikuwahi kuzimwa usiku hata mmoja.

Akaizima.

Nyayo zikasimama palepale kwa muda mrefu. Kisha zikageuka, zikaenda. Lango. Mbao ya darajani. Upepo.

Asubuhi Ketill aligonga mara tatu, akasema Mungu awe humu, ndipo dada yake akafungua. Mtandao ulikuwa umerudi. Jambo la kwanza alilofanya Ketill ni kuchukua ile simu na kufuta salamu. Orodha ilikuwa tupu, ile mistari minne haipo. Akampigia Jórunn, na Jórunn akasema hayo hutokea, laini ikihama mitambo huchanganyikiwa, mara vipande vya ujumbe wa zamani huja kwa kuchelewa, mara vinapotea.

"Umesikia?" Ketill akamwambia dada yake. "Ni mitambo."

Lakini alipotoka barazani alisimama kuitazama taa. Kwenye kioo chake kulikuwa na alama ya kiganja, ya barafu, vidole vyote vitano. Mtu alikuwa ameishika taa baada ya kuzimika, ilipokuwa bado na joto. Ketill akaikwangua kwa mkono wa koti. Steinvör alikuwa dirishani, akimwona.

Alikunywa kahawa, akapigilia ile mbao ya darajani, akaondoka mchana. Jua likachungulia kidogo, likazama. Steinvör akakaa jikoni.

Kioo cha simu kikawaka.

*Hallur. Sekunde 11.*

Aliutazama mstari ule mpaka chumba kikawa na giza. Kisha akaugusa.

Ulikuwa upepo uleule. Kikohozi kilekile kidogo. Sauti ya mwanawe hasa, ile aliyoijua kila pumzi yake, ile aliyoilia jana yake jioni kwamba imefutwa. Imerudi nzima. Maneno tu ndiyo yaliyokuwa mengine.

"Mama, ni mimi. Nilifika... mbona umezima taa?"

Akausikiliza mara ya pili, na ya tatu. Alilia bila sauti, hata mbwa hakumsogelea. Kisha akainuka, akabonyeza swichi, taa ya barazani ikamwagika juu ya theluji. Akavuta komeo nyuma, taratibu.

Akarudi kukaa mezani, akafungua lile sanduku, akatafuta mahali pa salamu. Alama nyekundu ikamsubiri.

Akaisogeza simu mdomoni.