Kamba ya Puto la Kijeshi

Yaliyomkuta rafiki yangu Rénovat kwenye ghala la vitu vya kale huko Smithfield aliniambia mara moja tu. Ilikuwa wiki yake ya majaribio kazini. Msimamizi wake, Gad, alimtuma stoo kuleta kamba ya zamani. Zaidi ya miaka mia iliyopita, wanajeshi walishika kamba hiyo kuzuia puto kubwa lenye injini lisipae. Aliyechelewa kuiachia alibebwa juu.

"Ukirudi mikono mitupu, bwana mkubwa, kesho baki kwako," Gad alimwambia.

Stoo haikuwa na dirisha. Rénovat alipoiinua kamba, taa ikazimika. Juu ya bati injini ikaanza kunguruma, ikakohoa, ikatulia palepale juu yake. Kamba ikamvuta kwenda juu mpaka visigino vikaacha sakafu. Akaiachia, akaanguka.

Gad akaingia na tochi. "Kamba iko wapi, mwoga wewe? Si ulikuwa unataka kazi?"

Rénovat akanyoosha kidole. Mwanga wa tochi ukaifuata kamba polepole. Ilikuwa imesimama wima mpaka kwenye bati, haijafungwa popote, ikitikisika kidogo, ikitulia, ikitikisika tena, kama kamba ambayo mtu anaishika akiteremka.