Kiti cha Mwanafunzi wa Pili

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni shangazi mwenyewe, fundi cherehani, mwezi wa pili baada ya mambo kwisha, mbele ya dada zake wawili, huku akikata suruali za sare bila kuinua macho kwenye mkasi. Dada mkubwa alitaka kuitia chumvi, shangazi akamkatalia. Kwa hiyo imeandikwa kama ilivyosemwa.

Ilianza na mto wa kiti cha wateja. Binti wa kaka yake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo cha afya, aliuwekea kiganja saa nane mchana akaukuta una joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Hakuna aliyekuwa amekikalia. Wateja hawakuja siku hiyo, na shangazi alikuwa kwenye cherehani tangu asubuhi.

Binti huyo, ambaye shangazi alimwita Daktari kabla hajajua hata kupima homa, alikuwa ameshafeli anatomia mara moja. Akifeli na marudio, chuo kingemwonyesha mlango. Shida yake ilikuwa kumeza: anameza majina ya mifupa leo, kesho yameyeyuka. Mkufunzi wake, mzee mkavu asiyecheka, alimwita pembeni.

"Wewe unasoma kwa macho tu," akamwambia. "Chora kwa mkono. Sema kwa sauti. Shika mwili, uone kitu kiko wapi. Halafu mfundishe mtu. Usichoweza kumfundisha mwenzako, hukijui."

"Nyumbani tupo wawili tu, mwalimu, na shangazi ana kazi."

"Basi fundisha kiti."

Akafundisha kiti. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikiweka kiti cha wateja katikati ya chumba cha kushonea, akabandika michoro yake ukutani kwa pini za shangazi, akaanza: msuli huu umeshikia hapa, unaishia pale, kazi yake hii, neva yake ile.

"Mwanafunzi wako amesinzia," shangazi alimtania.

"Afadhali yeye, shangazi. Haniulizi maswali."

Wiki ya kwanza ndipo alipoukuta ule mto una joto. Wiki ya pili, kiti kikauliza.

Walikuwa kwenye mifupa minane ya kifundo cha mkono. Daktari alitaja saba, akakwama, na pale kitini ikatoka sauti ya chini: "Rudia." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, pamoja na kile kikwazo kidogo alichokuwa nacho kwenye ulimi. Cherehani ikanyamaza.

"Umesema nini?" shangazi akanong'ona.

"Sijasema kitu."

"Nami nimeona hujasema."

Chumba kilinuka pembe iliyoungua. Pasi ilikuwa baridi.

Kesho yake vidole vya mkono wa kulia wa shangazi viliamka na ubaridi. Sindano ilimchoma, damu ikatoka, asisikie. Daktari hakuacha masomo, maana marudio yalikuwa karibu; alipofundisha misuli ya kigasha, ubaridi ukafika kwenye kiwiko. Alipofundisha bega, mkono wote ukaning'inia kama mkono wa koti. Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote, kwa maana shangazi akigeuza uso dirishani, mkono ule uliokufa ulianza kujikunja wenyewe mapajani pake, kidole kimoja kimoja, kwa mpangilio, kuanzia gumba hadi kidole cha mwisho, kisha kurudi, polepole na kwa makini, kama mtu anayejaribu glovu dukani kabla hajaamua kuichukua.

Somo lililofuata lilikuwa kifua. Mtihani wa marudio ulikuwa siku tatu mbele.

Shangazi akamwita mganga wa mtaa wa pili. Mzee huyo alifika mlangoni, akanusa, akakaa palepale kizingitini.

"Huyu hakuletwa na upepo," alisema kwa sauti ndogo. "Amewekewa kiti akafundishwa. Jini asiyeujua mwili hubaki nje anagonga tu. Huyu mmemchorea ramani. Chomeni michoro. Na mtoto aache chuo, kabla hajafika kwenye moyo."

"Haachi," alisema shangazi.

"Na mkono wako je, mama?"

"Mkono ni wangu. Siwezi kumwachia mtu kwa sababu tu ameupenda."

"Atafika moyoni."

"Basi afike amkute mwenyewe yumo."

Mganga akatikisa kichwa. "Mimi sina nguvu ya kumtoa. Humu ndani anamsikiliza mtu mmoja tu." Akamtazama Daktari, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Siku iliyofuata, saa nane, Daktari alikiweka kiti mahali pake. Akamkalisha shangazi kando yake mwenyewe. Hakubandika mchoro wowote.

"Moyo," ikasema sauti. Kiti kililia, kama mtu anayejisogeza mbele. "Nifundishe moyo."

"Leo hatusomi. Leo ni mtihani. Ukifaulu mkono, tutaingia kifuani. Ukifeli unatoka darasani, na mkononi pia unatoka. Ndivyo chuo kinavyofanya."

"Uliza," ikasema sauti.

Akauliza, na sauti ikajibu bila kusita, mfupa kwa mfupa, neva kwa neva, na kila ilipojibu mkono wa shangazi uliinuka wenyewe ukaonyesha mahali penyewe, na kila ulipoonyesha ubaridi ulisogea, ukavuka bega, ukapanda juu ya mtulinga, ukaanza kushuka upande wa pili kuelekea kifuani, mpaka midomo ya shangazi ikawa rangi ya majivu na pumzi zake zikawa fupi kama za mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Uliza haraka, mwanangu," alisema. "Anatembea."

Hapo ndipo Daktari alipotambua kwamba majibu yote yalikuwa maneno yake mwenyewe. Hata pale alipokuwa amekosea wiki iliyopita, sauti ilikosea vilevile. Huyu alisikiliza tu. Alijua kitabu kilichosomwa kwa sauti.

Akaukamata mkono wa shangazi, baridi kama chuma cha mkasi, akaanza kuupapasa kutoka kiganjani, akitafuta swali. Alipofika kwenye kifundo akasimama. Akapapasa tena. Kwenye mkono wake mwenyewe akagusisha gumba na kidole cha mwisho, akakunja kifundo, na ukano, ile kamba ya msuli, ukasimama katikati, chini ya ngozi, kama uzi uliovutwa kwenye kitambaa. Akarudi kwa shangazi.

"Ukano mrefu wa kiganja," aliuliza, "kwenye mkono huu, uko wapi?"

"Katikati ya kifundo, juujuu, chini ya ngozi," sauti ikadakia. "Huonekana gumba likigusana na kidole cha mwisho."

"Nionyeshe."

Gumba likagusana na kidole cha mwisho. Kifundo kikakunjwa. Ngozi ikabaki tambarare. Vidole vikakazana mpaka kucha zikageuka nyeupe, na miguu ya kiti ikaanza kugonga sakafu.

"Rudia," ikasema sauti.

"Sirudii. Shangazi hakuzaliwa nao. Wapo watu hawana. Umekaa ndani ya mkono huu wiki nzima na hilo hulijui. Umefeli."

"Nifundishe tena."

"Mimi nilipewa marudio. Wewe hupewi. Toka."

Alilisema kwa sauti kavu ya mkufunzi. Kiti kikaanguka chali. Pazia la mlangoni likafura kuelekea nje, likafura mpaka juu kabisa, kama limepitiwa na mtu mrefu asiyejua kuinama, kisha likalala.

"Vidole vinachoma," alisema shangazi baada ya muda. "Kama sindano."

"Ndiyo damu inarudi, shangazi."

"Sindano nazijua. Ziache zichome."

Akakiinua kiti kwa mkono uleule, akakikalia mwenyewe, akavuta pumzi.

"Haya, Daktari. Huo moyo."

Daktari alifaulu marudio, si kwa alama za kujivunia. Mganga alifariki mwaka uliofuata. Mkufunzi alifariki baada yake, hakuwahi kuambiwa. Yule mwingine hatumhesabu, kwa kuwa hakuwahi kuwa na mwili. Mwanafunzi yu hai, anafanya kazi wodi ya upasuaji. Na shangazi yu hai, ana miaka sabini na mmoja, na uzi anautunga mwenyewe, kwa mkono wa kulia.