Mkwaju Usiokunja Majani

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja lizame nilipochukua kidumu kwenda kumwagilia mche kwenye kaburi la mume wangu, Stanislausi. Hapa kwetu Butiama kazi hiyo ni ya mjane, hapewi mtu mwingine. Nilikuwa na hasira. Tangu Jumapili sikuwa nimepata hata lepe la usingizi, na mjukuu wangu Lilian, aliyekuja kutoka Musoma kunisalimia, alikuwa jikoni anachekea simu.

Mama mkwe wangu alikuwaga ananionyesha mkwaju wa mji wetu kila jioni. "Tazama, mwanangu. Majani yanajikunja mawili mawili, kama mikono ya mtu anayesali. Mkwaju ukikunja, marehemu amelala. Usipokunja..." Hapo anatema mate pembeni.

Ndiyo maana mtu mzima wa mji huu akifa, tunampandia mbegu ya mkwaju ule upande wa kichwa cha kaburi. Miaka mitatu iliyopita upepo uliuangusha. Nikaokota mbegu mbili tu zilizo nzima. Moja ya mzee, moja yangu.

Lilian anafanya kazi kwenye maabara ya mbegu za miti. Akanibembeleza weee.

"Bibi, panya watazila. Nipe nikazigandishe, zitakaa miaka mia."

"Mke mwenza," nikamtania mjukuu wangu, "mbegu si samaki sato wa kuweka kwenye barafu."

"Zinalala tu, Bibi. Ukizitoa, zinaamka."

Nikampa. Na tangu hapo mzee akaanza kukosa usingizi. Anakaa kitandani macho wazi, anatetemeka. "Fungeni mlango," anasema, na mlango umefungwa. Tukadhani malaria. Mpaka akafa.

Nikaomba mbegu yake. Nikaambiwa subiri kibali. Subiri fomu. Subiri, bosi yuko semina. Miezi minane mume wangu yuko chini bila mti, mimi napiga simu, najibiwa, "Nitakupigia, Bibi." Ilipokuja hatimaye, nikapanda, ikaota.

Lakini haikunjagi majani.

Jioni hiyo nilifika makaburini, upepo umetulia. Mkwaju wa baba mkwe umekunja. Wa mama mkwe umekunja.

Mche wa mzee umekodoa.

Nikapiga magoti. Nikayakunja majani kwa vidole, moja moja, kama nilivyomfumba macho siku ile. Yalikuwa ya baridi... baridi ya samaki aliyetoka kwenye barafu. Nikaachia.

Yakafunguka. Moja... jingine... jingine.

Ikaja harufu. Si ya udongo. Ya chuma kilicholala nje kwenye umande.

"Nyamburi..."

Sikugeuka. Jina langu hilo, mzee peke yake ndiye aliyekuwaga ananiita.

"Fungeni mlango."

Makaburini hakuna mlango.

Nikapiga yowe. Lilian akaja mbio, akamulika mche kwa simu. Alipogusa jani, akauvuta mkono haraka.

"Bibi," akanong'ona, "zile mbegu... uliziosha kabla ya kunipa?"

"Kwa nini nisizioshe? Mbegu ya kaburi haitoki nyumbani na uchafu! Siku zote tunafanyaga hivyo."

"Na mimi niliandika 'kavu'. Sikupima."

"Kwani maji yana kosa gani?"

"Mbegu kavu haidhuriki na baridi. Ikiwa na maji ndani, yanaganda, barafu inakata. Ilitakiwa ife kabisa. Hii imeota, lakini labda vinasaba vimeguswa."

"Sema Kiswahili, mwanangu. Mimi shule niliipita kwa nje."

"Ni maagizo, Bibi. Yamo ndani ya mbegu. Yanauambia mti, ota hivi, toa jani hivi."

"Na lala hivi."

Nikasikia meno yake yakigongana.

"Na lala hivi," akajibu.

"Na mzee je? Yeye naye alikuwa na maji ndani?"

"Hilo sisi hatujasomea, Bibi."

Hasira ikanipanda upya. Miaka yote ya kusoma, na la mume wangu hamlijui! Nikamwambia, "Basi kesho kaniletee mbegu yangu. Nitaikausha mwenyewe kwa majivu."

Akaangalia chini.

"Yako ilikosa nafasi, ilikuwa kwenye friji la kawaida. Nikaona itaharibika, nikaihamishia kwenye ile baridi kali. Nimeiandikia jina lako, Bibi, usije ukapotea."

"Lini?"

"Jumapili."

Sikumgombeza. Hasira yote ilinitoka, ikabaki baridi.

Sasa nina mablanketi matatu. Lilian ameshapiga simu Musoma mara nne. Wanamwambia asubiri, mwenye ufunguo amesafiri. Amekaa hapa pembeni yangu, amenishika mkono, ananibembeleza kama mimi ndiye mtoto.

"Fumba macho tu, Bibi. Usingizi utakuja."

Nayafumba. Nayashikilia kwa vidole.

Nikiachia... yanafunguka.